Usimkimbize Mtoto kwa Kosa

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Ngaramtoni, Arusha, aliniandikia ujumbe ambao nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Anafundisha darasa la tano lenye watoto zaidi ya 80, na kila siku baada ya makande ya mchana nusu yao hulala juu ya madawati. Amejaribu kuwasimamisha, amejaribu kuwarusha kichura, na sasa anauliza afanye nini. Swali lake lina jibu, nami nitalitoa. Kilichoninyima usingizi ni hilo neno kichura, kwa kuwa kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kurusha watoto kichura katika shule yetu, hapa kandokando ya Moshi.

Nilikabidhiwa michezo mwaka wangu wa kwanza wa kazi kwa sababu mbili tu: nilikuwa kijana, na nilikuwa na filimbi yangu mwenyewe. Katika mwaka wa tatu timu yetu ya mpira wa pete ilivuka ngazi ya wilaya katika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini, na wasichana wawili wakachaguliwa kuingia timu ya mkoa. Picha ya siku ile bado imetundikwa sebuleni kwangu, na mgeni yeyote akikaa muda wa kutosha lazima nimwoneshe. Niliamini nimeifanya shule nzima kuwa ya wanamichezo. Shule ilikuwa na watoto zaidi ya 700, na waliokuwa wakifanya mazoezi chini yangu hawakuzidi 30. Waliobaki kazi yao ilikuwa kushangilia, tena wakiwa wameketi chini ya miembe.

Hao waliobaki nilikutana nao kwa njia nyingine. Siku za zamu yangu, waliochelewa walizunguka uwanja mara tatu, na wasiofanya kazi ya nyumbani waliruka kichura kutoka mlingoti wa bendera hadi mlango wa ofisi. Baada ya hapo, mstarini, nilikuwa nikiwahutubia juu ya Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, na kuwauliza kwa nini wao ni wavivu wa kukimbia. Nilisema hayo mbele ya watoto ambao bado walikuwa wakihema kwa adhabu yangu, na sikuona kasoro yoyote.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja. Mjukuu wake, msichana wa darasa la nne, alikuwa akichelewa karibu kila siku, nami karibu kila siku nikawa namzungusha uwanja. Asubuhi moja bibi akaja naye. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyetaka kuitikia, kisha akaniuliza kama ninajua mtoto anatoka wapi. Sikujua. Alikuwa akitembea zaidi ya saa nzima kutoka upande wa mashamba ya miwa, kidumu cha maji mkononi, baada ya kufagia uwanja wa nyumbani. Katika wanafunzi wote wa shule ile, huenda yeye ndiye aliyekuwa ametembea kuliko wote kabla ya saa mbili asubuhi, na ndiye niliyekuwa nikimkimbiza zaidi. Bibi hakupaza sauti. Aliniambia tu, "Mwalimu, huyu miguu yake inafanya kazi. Mfundishe vitu vingine."

Miaka kadhaa imepita na bado nayasikia maneno hayo ninaposhika filimbi. Nilichokielewa siku ile ni kwamba nilikuwa nimewafundisha watoto somo ambalo halimo katika muhtasari wowote: kwamba mwili hutumika pale mtu anapokosea, na kwamba mwanafunzi mwema ni yule akaaye kimya asitikisike. Mtoto aliyefunzwa hivyo kwa miaka saba atakimbia kwa lipi akishamaliza shule?

Basi nikafanya kosa la pili, la mtu mwenye hatia anayetaka kutubu kwa siku moja. Bila kushauriana na yeyote nilirudisha mchakamchaka wa shule nzima, nusu saa kila asubuhi, kama tuliokimbia sisi utotoni. Ilikuwa Februari na vumbi la huku mnalijua. Mtoto mmoja mwenye pumu alibanwa kifua hadi tukamkimbiza zahanati. Sare zilichafuka kabla ya somo la kwanza, na walimu wa kipindi hicho wakawa wanapokea watoto wenye jasho na kiu. Wiki ya pili mkuu wangu wa wakati huo alifuta mpango wote katika kikao, na aliyoyasema juu yangu mbele ya wenzangu sitayaandika hapa. Alikuwa na haki ya kufuta mchakamchaka. Kunicheka hakukuwa lazima.

Nilikaa kimya muhula mzima. Nilipoanza tena nilianza na darasa langu mwenyewe, dakika tano tano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kuchosha kidogo au sana kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, na wengi wetu tukisikia 60 tunadhani lazima zitoke kwa mkupuo. Si lazima. Msichana wa mashamba ya miwa alikuwa amekwisha kuzimaliza njiani. Anayeshushwa langoni na basi la njano, aliyechukuliwa alfajiri na atakayerudishwa jioni, ndiye anayehitaji shule imhesabie (wazazi wenzangu wa Shanty Town na Njiro, hapa nanyi mnahusika). Huko Stirling, Scotland, mwalimu mkuu Elaine Wyllie alianza mwaka 2012 kuwatoa watoto nje dakika 15 kila siku, kila mmoja akikimbia au kutembea kwa mwendo wake, bila kubadili nguo. Hilo la nguo ndilo lililonivutia, kwa maana wengi wa wanafunzi wangu hawakuwa na nguo nyingine ya kubadili.

Kipindi chetu kuanzia darasa la tatu ni dakika 40. Mimi hukikata katikati. Katika hisabati watoto husimama kando ya madawati na kuruka wakihesabu kwa mafungu ya saba, na anayekosea haadhibiwi, anaanza tena na wenzake. Maswali ya kuchagua huyapeleka kwenye pembe za chumba: pembe hii ni A, ile ni B, kila mtoto aende anakoamini jibu liliko, kisha ajieleze. Kwa watoto 80 huwezi kuwatoa wote kwa pamoja. Nenda kwa safu. Mwenye pumu atembee, na asitangazwe. Wasichana waulizwe mapema kama wamevaa bukta ndani ya sketi, waulizwe na mwalimu wa kike, kwani mwenye wasiwasi na sketi yake haruki.

Sasa hao wanaosinzia. Saa za mchana mwili wa binadamu hulegea wenyewe, hata wa aliyekula kidogo, na makande mazito na bati linalochoma huongeza uzito. Kumsimamisha mtoto peke yake kunampa aibu, na usingizi unabaki palepale. Usiwaingize darasani mara tu wanapomaliza kula. Waache wacheze rede, waruke kamba, wacheze kombolela, kisha dakika kumi za mwanzo za kipindi zifanyike nje kivulini: wapime uwanja kwa hatua, wakusanye majani ya aina mbili na kuyalinganisha. Masika ikifika, tumieni baraza. Nawe ruka nao, Mwalimu. Ukisimama pembeni na fimbo, wataelewa kwamba ni kichura kile kile kilichobadilishwa jina.

Wenzako watakuuliza juu ya matokeo. Sitakudanganya kwamba ufaulu wetu wa darasa la saba ulipanda kwa sababu ya kuruka. Mwaka ule tulipata pia mwalimu mpya wa hisabati aliyekuwa hodari kuliko mimi. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba ile "Mwalimu, naomba kwenda nje" ya kila baada ya dakika mbili ilipungua sana, na kwamba darasa la jirani lilianza kuomba kujiunga nasi, ombi ambalo sikuwahi kulipata enzi za filimbi.

Anza na kipindi kimoja tu, hicho cha baada ya makande. Huna haja ya kuomba ruhusa ya kubadili ratiba, kwa kuwa huibadili. Ama wachelewaji, siku za zamu yangu bado nasimama langoni. Naandika majina yao, nawauliza wametoka wapi, na waliotoka mbali nawaambia wakanywe maji kwanza, ndipo waingie darasani.