Tarehe ya Kufa Siitaki, Lakini Msinifiche

Kwenye misiba yetu kuna maneno ambayo hayakosi msemaji: "Angejua, angejiandaa." Anayasema mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha chai mkononi, na hapo ubishi unaanza. Ingekuwa vizuri kila mtu aijue siku yake? Wapo wanaosema ndiyo, dhuluma zingepungua. Wapo wanaouliza: sasa nani angepanda migomba? Mimi nimemuuguza mjomba wangu mpaka mwisho, na msimamo wangu ni huu: tarehe siitaki, wala hakuna binadamu aliyenayo. Lakini kama muda wangu umebaki mfupi na kuna mtu anajua, nataka niwe wa kwanza kuambiwa, si wa mwisho.

Kuhusu tarehe, Waislamu wanaisoma katika Sura Luqman, aya ya 34: hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho, wala itafia ardhi gani. Na madaktari, ambao sisi tunadhani wanayo ila wanatubania, nao hawana. Mwaka 2000 daktari mtafiti Nicholas Christakis na mwenzake walichapisha utafiti uliofanyika Chicago, Marekani. Madaktari waliombwa kukadiria muda uliobaki kwa wagonjwa mahututi 468 waliokuwa wakipelekwa kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Makadirio yaliyokuwa karibu na ukweli yalikuwa moja tu kati ya matano. Wengi walizidisha, tena sana: kwa ujumla walitaja muda unaozidi mara tano ule ambao wagonjwa waliishi. Na kadiri daktari alivyokuwa amemjua mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo alivyozidi kukosea. Nadhani huruma iliingia kwenye hesabu.

Hapa kwetu Tanzania hesabu iliwahi kukosewa upande wa pili. Waliopima VVU miaka ya tisini walipokea majibu kama hukumu. Kuna walioacha masomo, waliokataa kuoa, waliouza viwanja ili wale hela yao wangali hai. Mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa ARV, dawa za kufubaza VVU, bure, na waliofika hapo wakiwa hai, wengi wao wakasimama tena. Leo baadhi ni mabibi na mababu wanaohangaikia ada za wajukuu. Hebu fikiria uliuza kiwanja Mbezi kwa bei ya enzi zile kwa sababu tu ulikuwa "unajua" unakufa!

Kwa hiyo ukiwa mbele ya daktari, usimkamue tarehe. Muulize: tunazungumzia siku, wiki, miezi au miaka? Hilo daktari mzuri atalijibu. Muulize pia ugonjwa utakwendaje kuanzia hapo, mgonjwa atashindwa nini kwanza, maumivu yakizidi usiku tumpe nini, mofini ya maji tunaipata wapi na nani anaruhusiwa kuiandika. Majibu ya maswali hayo yatakusaidia kuliko kutajiwa mwezi wa kufa.

Mjomba alikuwa na saratani ya koo la chakula. Kwanza ugali ulikuwa unakwama, kisha ndizi, na majibu ya kinyama kilichokatwa kooni kikapimwe yalipotoka alikuwa anaishi kwa uji mwepesi. Daktari alitoka mlangoni akauliza, "Ndugu wa mgonjwa ni akina nani?" Akatuambia sisi, pale pale koridoni, kwamba imesambaa na kwamba tumrudishe nyumbani. Mwenye koo amekaa kwenye benchi, hatua chache tu kutoka pale tuliposimama, anatutazama.

Kikao cha familia kikaamua asiambiwe. Atakata tamaa, walisema. Presha itapanda. Tukaambiwa tuseme ni vidonda vya tumbo. Nilipinga, lakini mimi ni mtoto wa dada yake, kwenye ukoo ule neno langu ni la mwisho kusikilizwa. Basi nyumba nzima ikaanza kuigiza. Watoto wake wakapanda Moshi kutoka Dar, Mwanza, Dodoma, wote, mwezi wa nne. Mchaga gani haoni kwamba kuna jambo watoto wanapomiminika nyumbani mwezi wa nne badala ya Desemba? Alikuwa anajua. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye.

Aliyetutoa kwenye lile igizo ni nesi wa tiba shufaa aliyekuwa anakuja nyumbani kumletea dawa. Siku moja mjomba akamuuliza, sisi tukisikia: "Mwanangu, Krismasi nitaiona?" Nesi akavuta kigoda akakaa. Naye akauliza: "Baba, ungependa nikuambie kila kitu, au mengine niwaambie familia?" Mjomba akasema kila kitu. Akaambiwa ni miezi, tena michache, na Krismasi ni mbali. Presha haikupanda. Alinyamaza kwa muda, halafu akaomba aletewe daftari lake la madeni.

Mambo aliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Alimtuma mtoto wake apeleke jani la sale, ambalo kwa Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha, kwa mdogo wake, waliyekuwa wamenuniana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na mdogo mtu akaja jioni ile ile. Alitaja anaowadai na wanaomdai. Mke wake alipewa namba ya siri ya M-Pesa, na ukoo ukaambiwa nani asimamie mirathi. Na akatukataza kuuza shamba la tambarare ili kumpeleka India, ingawa wanawe walikuwa wameshaanza kulitafutia mnunuzi. Kama angeendelea kuwa "mgonjwa wa vidonda vya tumbo," shamba lile lingekwenda. Alifariki mwezi wa nane.

Kuna mchungaji aliyetulaumu kwamba kumwambia mgonjwa ni kukosa imani. Namheshimu, ila Biblia anayoihubiri ina Hezekia, katika Isaya 38. Mfalme yule aliambiwa waziwazi atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa atakufa. Kusikia hivyo ndiko kulikomgeuza akauelekea ukuta na kuomba, akaongezewa miaka 15. Asingeambiwa, angeomba nini?

Lakini sisemi kila mtu abebeshwe habari kwa nguvu. Upo ugonjwa wa kurithi uitwao Huntington, unaoharibu ubongo polepole na hauna tiba. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata. Jeni yake ilipatikana mwaka 1993, ikawezekana mtu kupimwa damu miaka mingi kabla ya dalili. Kabla ya hapo wengi wenye hatari hiyo walikuwa wakisema wangependa kujua. Kipimo kilipokuja, waliojitokeza walikuwa wachache. Siwaiti waoga. Ndiyo maana naona swali la yule nesi ndilo la kuanza nalo, na linamtosha hata ndugu asiye na taaluma yoyote: unataka kujua kiasi gani? Akisema hataki, mwombe ataje mtu atakayesikia na kuamua kwa niaba yake, kisha mwache apumzike.

Wosia ni habari nyingine, huo usisubiri ugonjwa. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kuhifadhi. Kama ni Mwislamu, kumbuka unaloweza kuusia haliendi zaidi ya theluthi moja ya mali, na halimlengi mrithi ambaye tayari ana fungu lake. Mwenye akili timamu na afya njema anaandika kwa mkono usiotetemeka na ndugu wanakosa la kudai mahakamani kwamba alirubuniwa.

Nyumbani kwangu tumeshakubaliana. Mimi nimemwambia mume wangu kwamba siku ikifika nataka nisikie mwenyewe, naye awepo. Yeye amesema hataki kusikia lolote, daktari aongee na dada yake. Ila wosia ameandika.