Asubuhi Yangu Huanza Magharibi

Wiki jana tumevuka feri siku tano mfululizo kabla ya saa kumi na mbili na nusu, mimi na wanangu watatu, kila mmoja na viatu vyake viwili na shati lililokauka. Najua kuna watakaocheka. Lakini anayekaa Likoni, kazi yake iko kisiwani Mombasa na skuli ya wanawe iko kisiwani, anaelewa nazungumza nini. Ijumaa tulipofika langoni nilitamani mlinzi anipigie vigelegele.

Usiku wa Jumamosi dada mmoja wa Mikindani akaniandikia. Ana watoto watatu kama mimi, anauza dukani mjini, mumewe ni wa safari. Akaniuliza: "Dadangu, wewe wawezaje? Mimi kila asubuhi nalia jikoni." Nimeusoma ujumbe ule mara mbili nikaona si wa kujibiwa kwa mistari miwili. Tena zile picha ninazoweka hapa, watoto wamesukwa, kola zimenyooka, zinawadanganya watu. Mimi nimelia mwezi huu wa Mei. Si jikoni. Nimelia feri, mbele za watu.

Sikilizeni.

Mei ya Mombasa mnaijua. Mvua hainyeshi ikaisha, nguo inakaa kambani siku mbili na ukiivua ina uvundo. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Malaba, mara nyingine Kampala, na kwa mwezi namuona siku nne, ikizidi sana tano. Basi Jumatatu moja saa tatu usiku nimekaa nakunja vitambaa, mwanangu wa kati, huyu wa gredi ya 4, akaja akasimama mlangoni. Hakuingia. Akawa anachokoa rangi ya mlango kwa kucha.

"Mama."

"Nini?"

"Mwalimu amesema tupeleke sanamu ya kutishia ndege shambani."

"Lini?"

"Kesho."

"Amesema lini?"

"Alhamisi."

Wenye watoto kwenye mtaala huu wa umilisi hamhitaji maelezo. Mwanafunzi ni mtoto, anayefanya kazi ya nyumbani ni mamake. Mimi shamba sina. Nina ua wa saruji, kamba mbili za nguo, na mrehani kwenye kopo la rangi. Ndege wanaokuja kwangu ni kunguru, na kunguru wa Mombasa hatishiki nawe, sembuse atishike na leso. Lakini ukimwambia mwalimu hivyo mtoto ndiye anayekosa alama.

Tukaanza. Kijiti cha ufagio kikawa uti wa mgongo, mwiko wa ugali uliovunjika ukawa mabega. Tumbo tukalijaza makumbi ya nazi niliyokuwa nayawekea jiko. Tukamvisha kanzu ya babake iliyochanika kwapa. Tulipofika kichwani, stima ikazima. Si mtaa mzima, ni kwetu tu. Tokeni zimekwisha. Nikalipa kwa simu, nambari zikachelewa kuja, nikangoja, nikachoka, tukamalizia uso kwa taa ya simu. Mwanangu akamchora macho kwa makaa, moja kubwa kuliko lingine, akasema ndivyo mtu anayekasirika alivyo. Saa sita usiku mtu wetu amekamilika, ameegemea friji kama mgeni aliyekosa kiti.

Hapo ndipo nikakumbuka mashati. Yako beseni. Yameroweka tangu asubuhi.

Ya usiku ule nayaruka. Alfajiri shati la wa kati lilikuwa bado linatoa maji ukilikamua ukosi. Pasi haina stima. Jirani yangu ana pasi ya makaa, naiona kila siku dirishani kwake, na nilijua ameshaamka kwa sababu harufu ya iliki ilikuwa imetufikia. Hatua sita kutoka mlango wangu hadi wake. Sikwenda. Niliona haya, atanionaje, mwanamke anagonga mlango wa watu saa kumi na moja alfajiri hana shati la mtoto. Nikamwambia mwanangu, "Vaa, litakukaukia mwilini." Akavaa. Hakusema kitu, akajikunyata tu mabega.

Tukafika feri saa moja kasoro dakika kumi. Mwanangu amembeba yule mtu begani, kanzu inampepea, na hamali mmoja akasema kwa sauti, "Mzee huyu naye anakwenda kazini?" Watu wakaangua kicheko. Ningecheka nami siku nyingine. Tukajisogeza mbele, tukaambiwa tungoje, meli inapita. Asiyejua: mlango wa bandari ya Kilindini ni pale pale kivukoni, na meli kubwa ikiingia, feri zote husimama upande zilipo mpaka ipite. Haina mjadala, mlima wa chuma ule hausimami ghafla. Ikaja taratibu, imepakia makontena kama mtu aliyepanga ghorofa juu ya maji. Kitindamimba amelala begani kwangu. Kifungua mimba ananitazama kwa jicho la pembeni. Na wa kati, shati limemgandia mgongoni, anahesabu: "Arubaini na tisa... hamsini... Mama, hamsini na mbili, na upande wa pili sijaona!" Alikuwa na furaha yule mtoto. Hakujua kuwa tumechelewa. Au alijua, hakujali. Hapo ndipo machozi yalinitoka, na mama mmoja mwenye kapu la samaki akanipa ncha ya leso yake bila kuniuliza kitu.

Langoni tulikuta kumefungwa. Akatoka mwalimu, simtaji, akanitazama juu mpaka chini, akasema mbele ya wanangu: "Mama, kwani nyumbani hakuna saa?"

Sikujibu. Leo najibu. Saa ninazo mbili, na moja wapo nilizawadiwa kazini kwa kutochelewa.

Nisamehewe, bado inaniuma. Na kama hiyo haikutosha, Jumapili yake tukawa arusini Majengo, wifi yangu akawaambia wenzake, nikisikia, kuwa watoto wa kaka yake "wanalelewa kwa mahamri ya kununua." Wakacheka. Nami nikacheka, ile ya meno tu.

Nataka nizungumzie mahamri kidogo, mnivumilie. Mahamri ya nyumbani maana yake ukande unga kwa tui usiku, uufunike, uamke saa kumi kuutazama umeumuka au umekudharau, usukume, ukate, ukae mbele ya mafuta na joto la Mombasa wakati watoto hawajaogeshwa. Mwisho wa kona yetu kuna bibi anayekaanga tangu mimi mgeni mtaa huu. Mahamri yake yana iliki ya kutosha, ndani yamefura, na mbaazi zake zina tui zito ambalo mimi silipati hata nikinunua nazi tatu. Yake ni mazuri kuliko yangu. Nimesema. Wifi yangu akisoma hapa ajue pia kwamba yeye ana msichana wa kazi, na mimi sina.

Sasa ushauri wenyewe. Dada wa Mikindani, chukua kalamu.

Aliyenifungua macho ni mavyaa yangu. Alikuja kutoka Msambweni kukaa nasi siku tatu, akanitazama nikizunguka nyumba magharibi mpaka saa nne, chungu huku, beseni kule, huyu mkatie kucha, yule mtafutie daftari. Akamaliza tambuu yake, akasema, "Kwani hawa watoto hawakuzaliwa na mikono?" Akarudi kwenye redio yake. Hayo tu.

Basi tukabadilisha. Kwetu sasa asubuhi huanza magharibi. Tukishaswali, kabla sahani haijawekwa, mabegi yote yanafunguliwa juu ya mkeka. Kila mmoja anasema: mwalimu ametaka nini. Si "una kazi ya skuli?", hilo atakujibu "sina" huku anatazama dari. Uliza mwalimu ametaka nini, na umtazame machoni. Mwalimu akitaja sanamu Alhamisi, niijue Alhamisi.

Viatu vinakaa mlangoni, soksi ndani yake. Narudia, soksi ndani yake. Nimepoteza saa nzima za maisha yangu kwa soksi moja.

Mashati, acheni kufua katikati ya wiki wakati wa mvua. Nilikwenda Kongowea kwenye mitumba nikachambua mashati meupe, kila mtoto akapata matano kwa bei ya jipya moja na nusu la dukani. Nafua Jumamosi wakiwa chuo cha Kurani. Likichafuka Jumanne, linangoja. Na tokeni naangalia magharibi hiyo hiyo, mita ikisoma chini ya yuniti tano nanunua, singoji giza linikumbushe.

Tena baba watoto, hata akiwa mbali, mpe kazi. Nilikuwa nikimwambia "sisi hatujambo" kila akipiga, halafu namnunia akirudi kwa kutojua shida zangu. Angejuaje? Sasa kazi yake ni kuwaamsha. Saa kumi na moja alfajiri, popote alipoegesha lori, anapiga simu, naiweka sauti juu katikati ya chumba: "Mimi niko Mtito Andei nimeshaamka, nyinyi mmelala?" Mimi nilikuwa nawaamsha mara saba. Sauti ya baba yao mara moja, wote wako wima. Inaniudhi kidogo, lakini sitalalamika.

Na lililo kubwa, dada zangu, ni haya. Tuache haya zisizo na faida. Wanawake wa mji huu tumejifunza kujifanya hatuchoki, tunavaa buibui safi juu ya shida na tunaulizwa hali tunasema salama. Mtoto wangu alivuka bahari na shati bichi kwa sababu mimi niliona haya kutembea hatua sita. Gonga mlango wa jirani! Jirani si wa sahani za futari tu. Wiki iliyofuata nilikwenda kuazima ile pasi ya makaa, nikajieleza sana, nikaomba radhi mara tatu, naye akanishangaa. "Mimi niliisikia purukushani yenu ile Jumanne," akasema, "nikaitia makaa kabisa nikikungoja." Nilirudi nyumbani nimeishika pasi ile nisijue nicheke au nifanye nini.

Ombeni. Gawanyeni kazi. Fungueni mabegi magharibi. Najua nimeshayasema, nayasema tena kwa sababu kuna mtu atasoma haya, atasema maneno matamu, na kesho atatafuta soksi.

Mtauliza pia kuhusu yule mtu wa makumbi. Alipata alama ya juu darasani, tukaletewa nyumbani, na sasa amesimama uani karibu na mrehani. Kila asubuhi kunguru hutua juu ya kofia yake kujisafisha manyoya.

Limebaki la maji, nalo ndilo lililokuwa linaniua kuliko yote. Mfereji wetu hutoa maji usiku wa manane, si kila siku, na haupigi hodi. Ukilala, umekosa, na asubuhi unanunua ya mkokoteni mtungi kwa mtungi. Mbinu yangu ni ya zamani, nimeikuta kwa mamangu: acha mfereji wazi usiku, chini yake pindua sufuria. Maji yakianza, yanaigonga sufuria kama ngoma, unaamka. Miaka yote anayeamka ni mimi. Naburuta mpira mpaka kwenye pipa, nasimama gizani nusu saa nikisinzia kwa miguu, halafu nalala kwa saa mbili tu, ndipo siku ianze. Baada ya maneno ya mavyaa nilimwonyesha kifungua mimba, ana miaka kumi na tatu, jinsi ya kuunga mpira na kuufunga kwa kitambaa usivuje. Nilimwonyesha tu. Sikumwambia aamke.

Nilikuwa naandika haya saa saba usiku, sufuria ikalia. Nikaweka simu chini, nikatafuta malapa kwa miguu. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mpira unaburutwa kwenye saruji, halafu maji yanaanguka ndani ya pipa, na sauti yake ikiimba chini chini ili asituamshe.

Nikarudi kitandani.