Kabla hawajaanza kuchimba changarawe mtoni, pima kisima chako

Naandika hii kwa yeyote aliyesikia juzi tu kwamba kuna watu wameomba kibali cha kuchimba changarawe kwenye bonde la mto karibu na kwake. Kabla hujaenda mkutanoni, kabla hujagombana na mtu, chukua kamba, funga jiwe, shusha kisimani mpaka liguse maji, pima urefu wa kamba, andika na tarehe. Leo leo, usisubiri kesho.

Sisi hatukufanya hivyo na mpaka sasa inaniuma. Tulipoambiwa mashimo yatakuwa nje ya ukingo na mto wenyewe hautaguswa tukaona basi, yaishe. Mwaka wa kwanza shwari, wa pili pia, kiangazi cha tatu kamba zikaanza kuwa fupi, mmoja kaunga kamba, jirani naye kaunga, mimi nikateka tope. Tukaenda kulalamika na wachimbaji wakatuuliza swali moja tu, "kabla hatujaja kisima chako kilikuwa na maji kiasi gani?" Tukabaki tunatazamana. Kila mtu anakumbuka, hakuna hata mmoja aliyeandika.

Kitu ambacho sikukielewa wakati ule ni kwamba ile changarawe chini ya bonde imejaa maji, na ndo maji hayohayo ya kisima chako. Wakichimba shimo refu afu wakaweka pampu kulikausha ili mashine zifanye kazi, maji ya pembeni kote yanatiririkia mle. Na wakichimba kwenye kitako cha mto chenyewe ndo balaa zaidi, maana maji yakifika shimoni yanapunguza mwendo, yanatua mchanga na mawe yote mle, yanatoka upande wa pili hayana mzigo lakini nguvu bado yanazo, kwa hiyo yanaanza kula kitako na kingo huko chini. Huku juu nako ule mdomo wa shimo unamomonyoka kurudi nyuma, kidogo kidogo, kilomita na kilomita, kitako cha mto kinashuka na maji ya ardhini yanashuka nacho. Kwa hiyo hata kama uko mbali na machimbo usiseme hayakuhusu.

Nguzo za daraja nazo ziangalie sana. Ureno, Machi 2001, daraja la mto Douro lilianguka usiku na basi likiwa juu yake, watu 59 wakafa, na uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi ulitajwa kati ya sababu za nguzo kuchimbika chini. Mimi siku hizi kila nikivuka daraja nainama kuangalia kama msingi uliokuwa umefukiwa umeanza kuonekana. Piga picha hapo, mwezi uleule kila mwaka, usimame palepale, na kwenye picha kiwepo kitu kisichohama, jiwe kubwa au nguzo yenyewe.

Sasa mkutanoni. Usiende na hasira tu, nenda na maswali. Mimi ningeanza na hili: ule ukanda wa ardhi kati ya shimo na mto utakuwa na upana gani, na shimo litaenda chini kuliko kitako cha mto? Maana mto wa bonde unahama, hiyo ndo tabia yake, na mafuriko yakija unaweza kukata ule ukanda ukaingia shimoni moja kwa moja, kama mto East Fork Lewis jimbo la Washington, Marekani, ulivyofanya mwaka 1996, ukaacha njia yake ukapita kwenye mashimo ya zamani ya changarawe. Waulize pia mafuta ya mashine yatakaa wapi msimu wa mafuriko, na visima vikikauka nani analipa, na kama wameshaondoka je? Pesa ya dhamana iwekwe kabla jembe halijagusa ardhi, ahadi ya mdomo msikubali kabisa.

Sisemi kokoto zisichimbwe, nyumba yangu mwenyewe imejengwa kwa kokoto, na Umoja wa Mataifa unakadiria dunia inatumia kama tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka. Ila mwamba wa kupasua upo, zege la majengo yaliyobomolewa linasagwa likatumika tena, na kuna changarawe ya zamani mbali na mto, juu ya pale mafuriko yanapofika. Waulizeni kwa nini lazima iwe hapa.

Na vile vipimo vya kisima msipime peke yenu kila mtu kwake. Kubalianeni siku moja kwa mwezi, wa juu ya mto na wa chini ya mto, jirani akupimie wewe na wewe umpimie yeye, muweke sahihi wote wawili kwenye madaftari mawili, maana daftari la mtu mmoja watasema limeandikwa jana.