Muulize Fundi: Ncha ya Bawa Ikikunjwa, Pini Inashikwa na Nani?

Wiki hii karibu barua zote ni za kitu moja. Kuna video imezunguka kwa simu za watu, ile ndege kubwa ya Boeing 777X iko uwanjani inainua ncha za mabawa juu polepole kama mtu anakunja mikono ya shati, na tangu hiyo video ifike hapa Nakuru sijapata amani, hata nikinunua sukuma wiki mtu ananiuliza. Basi leo tumalizane nayo. Nimechukua maswali matano, mengine yalikuwa yanafanana nikayaunganisha.

Habari fundi. Mimi niko form three hapa Kondele, Kisumu. Kwani lazima wakunje bawa? Si wangetengeneza fupi tu waachane na hii maneno ya pini na kufuli?

Kijana wangu, enda Dunga asubuhi moja uangalie mvuvi akipiga kasia. Yale maji anasukuma hayakubali kusukumwa hivi hivi, yanatafuta mahali pa kutorokea, yanapitia ukingoni mwa kasia na nyuma yake unaona vizingo vidogo vya maji vinazunguka. Hivyo vizingo ni jasho la mvuvi limepotea bure. Sasa bawa ni hivyo hivyo, hewa ya chini iko na presha kushinda ya juu, inakimbilia kwa ncha ndio ipande juu, pale kwa ncha inajisokota, na huo msokoto unavuta ndege nyuma safari yote na anayelipa ni mafuta. Bawa likiwa refu hiyo hasara inapungua. Kwa hivyo wale wa 777X walitaka bawa refu, na wakalipata, mita 71.75 kutoka ncha hii hadi ile.

Shida ikaja kwa kupaki. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limegawa ndege na viwanja kwa herufi kulingana na upana wa mabawa, herufi E ni mita 52 mpaka chini ya 65, herufi F ni 65 mpaka chini ya 80. Zile 777-300ER za sasa ziko na mita 64.8, yaani zimeingia E kwa kubana tumbo. Hii mpya bila kukunja ingetupwa F pamoja na A380, ile ndege ya ghorofa mbili, na viwanja vingi hata vya nchi tajiri havina nafasi nyingi za F. Ukikunja kama mita tatu na nusu kila upande unabaki na 64.85. Hebu toa 64.85 kwa 65 uone kimebaki nini. Sentimita 15! Hapo kuna mtu alikaa na rula.

Na usidhani ni wazo la jana. Ndege za kivita zinazokaa kwa meli zimekunja mabawa tangu zamani kwa sababu meli haina uwanja wa kuchezea. Hata Boeing wenyewe, mwanzo wa miaka ya 1990 wakati 777 ya kwanza inatengenezwa, waliwauliza wateja kama wanataka ncha za kukunja na hakuna shirika lilinunua hata moja. Mimi siwalaumu, bawaba ni uzito na ni kitu ya kukaguliwa kila mara.

Fundi, mimi ni dereva wa trekta ya miwa huku Muhoroni. Hicho kipande kikiwa angani hewa inakisukuma juu, na bawaba yake inakunjikia huko huko juu. Sasa kinazuiliwa na nini? Kama ni haidroliki, ile nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwa paipu, mimi siwezi panda hiyo ndege, haidroliki naijua, ikivuja kitu inalala.

Dereva, wewe umeona kitu ambacho wengi hawakuona kwa hiyo video, na ningekuwa na barua moja tu ya kujibu wiki hii ningejibu yako. Hapana, si haidroliki. Nguvu ya haidroliki na gia kazi yake ni kuinua ncha, kuishusha, na kuingiza pini. Ya kushikilia ni chuma, na hiyo chuma unaifanyia kazi kila siku bila kujua.

Angalia pale tela inashikana na trekta. Kuna masikio ya trekta juu na chini, sikio la tela linaingia katikati, matundu yanalingana, unadondosha pini. Tela inavuta nyuma, trekta inavuta mbele, pini imesimama wima katikati yao. Huo mzigo wote unataka kuikata pini, hakuna hata kidogo kinachotaka kuichomoa. Ndio maana tani zote hizo za miwa zinashikwa na kitu ambacho trekta ikisimama vizuri unachomoa na mkono mmoja. Ncha ya bawa pia ikishuka ikilala sawa, masikio yake yanaingia kati ya masikio ya bawa na pini nene zinapita, na pini hizo zimelala kwa njia ambayo hewa ikisukuma ncha juu inazikata tu, haizisukumi kutoka. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, mwaka 2018 ilitoa masharti maalum kwa hii ndege kwa sababu sheria za kawaida hazikuwa zimefikiria ndege ya abiria inayojikunja, na moja ya hayo masharti ni kwamba mzigo wowote wa kuruka, uwe wa kusukuma au wa kuzungusha, usiweze kufungua pini wala komeo lake.

Sasa komeo. Miaka mingi imepita, nilikuta tela ya miwa imelala kando ya barabara huko Koru, trekta iko mbele kama imeachwa na bibi. Watu wakasema pini imevunjika. Nikaitafuta kwa nyasi nikaipata, nzima kabisa, haina hata mkunjo. Kilichokosekana ni kale kapini kadogo kanakopita chini ya pini kubwa, kalikuwa kamepotea na mtu akafunga waya, waya ikakatika, pini kubwa ikarukaruka kwa mashimo mpaka ikatoka yenyewe. Hakuna aliyeumia, watoto wa hapo walishiba miwa. Lakini ona, kale kadogo hakabebi mzigo wowote wa tela, kazi yake ni moja tu, kukataza kubwa isitoke.

Kwa ndege kazi hizo mbili zimetenganishwa kabisa, pini inabeba, komeo linazuia pini. Na FAA wamebana zaidi. Komeo lisiweze kufunga kama pini haijaingia mpaka mwisho. Pini isiweze kutoka komeo likiwa limefunga. Alafu pini iwe na njia yake nyingine ya kubaki ndani hata bila kutegemea hilo komeo. Hilo sharti la kwanza ndio napenda, na trekta yako inalo tayari, kwa sababu lile tundu la kapini kadogo halitokezi chini mpaka pini kubwa iwe imeshuka yote, ukiona tundu ujue kubwa imefika. Mtu aliyechora hiyo pini ya trekta hakuwa mjinga.

Kuna lingine la mwisho ambalo trekta haina. Kabla ndege kupaa, kila nguvu ambayo ingeweza kufungua komeo, iwe umeme au haidroliki, inakatwa yenyewe, na haiwezi kurudishwa ndege ikiwa angani. Si ati kuna onyo usibonyeze, hakuna kitu ya kubonyezeka. Na kipande chochote kimoja cha chuma kikivunjika bado ncha isifunguke. Kwa hivyo panda tu.

Mimi ni mama wa Section 58 Nakuru, nafuga kuku. Nikishafunga banda bado naamka usiku kwenda kuangalia kama nilifunga. Sasa huyo rubani akisahau kushusha mabawa?

Mama, nikuambie ukweli, imeshatokea, lakini kwa jeshi. Mwaka 1960 huko Naples, Italia, rubani wa jeshi la maji la Marekani alipaa na F-8 Crusader mabawa yakiwa yamekunjwa. Ikapaa! Akiwa juu akasikia usukani mzito ajabu, alipogundua akamwaga mafuta apunguze uzito, akarudi akatua akiwa mzima. Ilimsaidia kwamba F-8 inakunja sehemu ya nje tu na injini yake ilikuwa na nguvu ya wazimu. Hakuna mtu wa akili anataka kujaribu hiyo na abiria.

Ndio maana FAA hawakukubali onyo moja. Walitaka njia zaidi ya moja za kumwambia rubani ncha haijakaa sawa, na juu ya hayo maonyo kuwe na kitu kinachoizuia ndege isipae kabisa. Maanake kengele mtu anaweza kuizoea, kama vile wewe umezoea jogoo.

Lakini hapo kwa kuku wako umegusa penyewe. Tuseme kijana wako anakuwekea taa chumbani ya kukuonyesha banda limefungwa. Akiunganisha taa na swichi ya kufungia, utadanganywa, kwa sababu taa itawaka hata kama komeo limekwama kwa matope katikati. Taa ya maana inaunganishwa na mwisho wa komeo, pale ndani ya tundu, iwake tu chuma ikifika. Hivyo ndivyo kufuli za ndege zinavyopaswa kupimwa, unauliza pini yenyewe uko wapi, huulizi mkono wa rubani umefanya nini. Ndege za kwenye meli zilikuwa na njia ya zamani ambayo mimi bado naiheshimu, vijiti vyekundu vinachomoza juu ya bawa kama halijafungwa, mtu yeyote aliyesimama hapo chini anaona na anapiga kelele.

Kwa 777X yenyewe, rubani anashusha ncha kabla ya kupaa, ni kama sekunde 20. Akishatua zinajikunja zenyewe spidi ikishuka chini ya noti 50, hiyo ni kama kilomita 93 kwa saa, kwa hivyo upande huo hata akisahau haijalishi.

Fundi nisaidie, niko Kakamega naendesha boda. Moja ikikunja na nyingine ikatae?

Ikiwa chini ni aibu tu na kuharibu ratiba, itatafutiwa nafasi pana ya kupaki. Ila walilazimishwa kuonyesha kwamba ndege ikiwa bado inakimbia kwa ranwei, upepo wa kando unapiga na ncha moja imeinuka nyingine iko chini, rubani bado anaimudu. Kwa kupaa haiendi, nimeshaeleza kwa mama hapo juu.

Kitu mngeuliza na hamkuuliza ni upepo ndege ikiwa imesimama. Ncha iliyoinuka ni kama bati lililong'oka upande mmoja, na mvua ya huko Kakamega unajua vile inakuja na upepo. Mitambo ya kukunja ilitakiwa ihimili dhoruba ya noti 65 kutoka upande wowote, karibu kilomita 120 kwa saa. Yaani hata ikiwa imekunjwa lazima ishikwe, isiwe inapigapiga.

Hiyo ndege itawahi kutua hapa Kisumu? Na ile mafuta iko ndani ya ncha haimwagiki ikikunjwa? Ni mimi msomaji wako wa Milimani.

Ndugu, hapo umeniwekea mawili kwa barua moja lakini ni sawa. Zile Dash 8 Q400 mmezoea kuona Kisumu ziko na mita 28.4 ncha hadi ncha, kwa hivyo hii hata ikijikunja bado ni zaidi ya mara mbili yake. Haijengewi safari ya Nairobi Kisumu ya dakika arobaini na kitu, ni ya kuvuka bahari ikiwa imejaa. Tena yenyewe ilipaa mara ya kwanza tarehe 25 Januari 2020 huko Everett, jimbo la Washington, wakati mpango wa awali ulikuwa mwaka huo huo iwe inabeba watu, na hiyo tarehe ilipita kitambo, kwa hivyo usinunue suti bado.

Mafuta hakuna kwa hicho kipande. Tangi linaishia kabla ya bawaba.