Picha za karibu mno kwa lenzi iliyogeuzwa: angalia tundu na mwanga kabla ya kununua kingine

Wakuu, habari zenu.

Mleta mada amesema amepata ringi ya kugeuzia, amefunga lenzi yake ya Nikon ya 18-55 mm kinyumenyume, na kweli nzi anajaa fremu nzima. Lakini kila picha inatoka nyeusi na haina makali. Anauliza kama mbinu hii inafanya kazi kweli au ajikusanye anunue lenzi ya makro (iliyotengenezwa kwa kupiga vitu vidogo kwa karibu). Nimetumia lenzi zilizogeuzwa kwa miaka, na hakuna upigaji picha ninaoupenda kuliko huu, kwa hiyo mtaniwia radhi kwa urefu.

Mkuu, mbinu inafanya kazi. Kinachokuangusha ni tundu la lenzi (aperture), ule mlango wa mwanga ndani yake. Lenzi za Nikon zenye herufi G hazina ringi ya kubadilishia tundu. Kamera yenyewe hulifungua na kulifunga kupitia kijiti kidogo kilicho nyuma ya lenzi. Ukiitoa lenzi kwenye kamera, springi inalifunga tundu mpaka mwisho, f/22 au zaidi (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Na hapo hujaingiza ukuzaji, yaani picha inayotua kwenye kihisi (kibamba cha kamera kinachopokea mwanga) ni kubwa mara ngapi kuliko kitu chenyewe. Kwa makadirio, unachukua namba ya tundu unaizidisha kwa ukuzaji ulioongezwa moja. Ukikuza mara 3 kwa f/22, ni 22 mara 4: unapiga kama vile uko f/88. Mwanga unaofika kwenye kihisi ni haba mno, na tundu dogo namna hiyo hutawanya mwanga unapopita kingoni mwake. Hiyo ndiyo difraksheni, na hata fokasi ikikaa barabara, picha itabaki na ukungu. Giza lako na ukungu wako vina chanzo kimoja.

Ishike lenzi mkononi, tazama upande wa nyuma, sukuma kile kijiti taratibu: utaona tundu likifunguka. Kata kipande kidogo cha kadi ngumu, kibane ili kijiti kibaki karibu na katikati ya safari yake, kisha rudia picha ileile. Tofauti utaiona palepale.

Wenye Canon za EF wana njia safi zaidi. Unafunga lenzi kawaida, unachagua f/8, unabonyeza na kushikilia kile kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi (eneo linalotoka na makali, mbele hadi nyuma), na ukiwa bado umekishikilia unaitoa lenzi. Tundu linabaki f/8 hadi utakapoirudisha. Zipo pia ringi za kugeuzia zenye waya wa umeme zinazoiruhusu kamera iendelee kuongoza tundu, kama Novoflex EOS-Retro, na kwa anayepiga kila wiki zinafaa sana.

Ila ukiniuliza mimi, tafuta lenzi ya zamani ya fokasi ya mkono yenye ringi yake ya tundu. Nikkor AI, Pentax K, Olympus OM, Minolta MD, lenzi za M42, zote zinafaa. Unafungua tundu lote ili uone vizuri wakati wa kutafuta fokasi, unazungusha mpaka f/8 kwa kidole, unapiga. Fokasi ya kujiendesha umeshaipoteza kwa kugeuza lenzi, basi hakuna sababu ya kubeba mota na mawasiliano ya umeme yasiyofanya kazi. Lenzi za zamani ni nyepesi, na uzito una maana hapa kwa sababu lenzi nzima inaning'inia kwenye nyuzi za filta, ambazo kwenye lenzi nyingi za kisasa ni plastiki.

Kwa nini kugeuza kunasaidia? Lenzi ya kawaida imesanifiwa kwa kitu kilicho mbali mbele yake na kihisi kilicho karibu nyuma yake. Ukikuza zaidi ya ukubwa halisi, hali inapinduka: sasa kitu ndicho kilicho karibu na kihisi ndicho kilicho mbali. Ukiigeuza lenzi, kila upande unarudi kwenye kazi uliyosanifiwa. Ndiyo maana lenzi ya kawaida ya 28 mm iliyogeuzwa inatoa makali ambayo lenzi hiyohiyo ikifungwa kawaida juu ya mirija ya kurefusha (mirija mitupu inayokaa kati ya lenzi na kamera) haitoi.

Kanuni ya ukuzaji ni rahisi kukumbuka: kadiri lenzi ilivyo fupi, ndivyo inavyokuza zaidi. Kwenye bodi ya DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani), 50 mm inakupa takriban mara 1, yaani kitu cha milimita 10 kinachukua milimita 10 za kihisi. 35 mm inafika mara 1.5 hivi, 28 mm inazunguka mara 2, 24 mm mara 2.5. Lenzi yako ya 18-55 ukiipeleka kwenye 18 inapita mara 3, ndiyo maana inakutesa. Anza kwenye 55 kwanza, mkono ukizoea ndipo ushuke. Kujua ukuzaji wako kamili, piga picha ya rula. Kihisi kikubwa (full frame) kina upana wa milimita 36. Ukiona milimita 12 za rula kwenye picha, gawanya 36 kwa 12: uko mara 3. Kwenye kihisi kidogo cha APS-C, badala ya 36 tumia 23.6, au 22.3 kwa Canon.

Wenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless) wazingatie mambo mawili. Kwanza, ingia kwenye menyu uruhusu shata kufanya kazi bila lenzi, maana kamera haiitambui lenzi iliyogeuzwa. Pili, bodi hizi ni nyembamba, hivyo ukifunga ringi moja kwa moja ukuzaji unapungua. Mimi huanza na adapta ya lenzi za DSLR, ndipo ringi ya kugeuzia ifuate. Umbali uliopotea unarudi. Na lenzi ya kugeuza iwe ya DSLR au ya zamani, si ya kamera isiyo na kioo. Sababu ni umbali wa kufanyia kazi. Lenzi iliyogeuzwa hupata fokasi kwa umbali usiopungua ule ambao ilisanifiwa kukaa mbele ya filamu au kihisi: milimita 46.5 kwa Nikon F, 44 kwa Canon EF, 45.46 kwa Pentax K na M42. Unapata angalau sentimita 4 na nusu hivi kati ya ukingo wa lenzi na mdudu, iwe lenzi ni 50 mm au 24 mm. Lenzi ya Sony E imesanifiwa kwa milimita 18. Igeuze, mdudu atakuwa karibu kugusa chuma, na mwanga hauna pa kupita.

Sasa mwanga, maana hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea. Kwa ukuzaji wa mara 1 unapoteza stopu 2 za mwanga (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu), kwa mara 3 unapoteza 4, yaani kihisi kinapata sehemu moja ya kumi na sita. Jua la mchana halitoshi kukupa f/8 na shata ya haraka kwa ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) ya chini. Watu hupandisha ISO, kisha hulalamika picha ina chenga. Tumia flashi. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu kwa mkono), shata 1/200, ISO 200, tundu f/8, na flashi kwenye nguvu ya mkono ukianzia 1/8 ya nguvu yake. Flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo huwaka kwa muda mfupi mno, mara nyingi chini ya 1/5000 ya sekunde, na muda huo ndio unaogandisha mtikisiko wa mkono wako na miguu ya sisimizi. Kwa hiyo siku ya flashi simbebei mdudu tripodi.

Lakini flashi tupu itakuharibia. Mgongo wa mdudu unang'aa, na jicho la nzi litakuwa na doa jeupe katikati ya giza. Chanzo cha mwanga lazima kiwe kikubwa kikilinganishwa na mdudu na kiwe karibu naye. Karatasi nyeupe au plastiki laini nyeupe, iliyokunjwa kama paa juu ya lenzi ikashuka hadi karibu na kitu, inatosha kabisa. Nimeona watu wakibadilisha lenzi tatu wakitafuta makali, na walichokosa ni hiyo karatasi. Tumia muda wako mwingi hapo kuliko kwenye mjadala wa lenzi ipi ni bora.

Fokasi haitafutwi kwa ringi ya lenzi. Ikizungushwa haifanyi lolote la maana. Unasogeza kamera nzima. Mara 2 kwa f/8, kina cha fokasi ni kama theluthi moja ya milimita. Pumzi yako tu inatosha kumtoa mdudu kwenye fokasi. Egemeza viwiko, au mkono wa kushoto ushike jani na lenzi ipumzike juu ya mkono huohuo, ili jani na kamera vitikisike pamoja. Kisha sogea polepole kwenda mbele huku ukipiga mfululizo. Panga kihisi kiwe sambamba na sehemu unayoitaka: ubavu wa mdudu utakaa kwenye fokasi, lakini ukimpiga akikutazama, chagua macho na uache mengine yafifie. Asubuhi kukiwa na ubaridi wadudu hawana haraka, na huo ndio wakati wangu.

Kwa kitu kisichosogea, kama bawa la kipepeo, chavua au punje ya chumvi, fokasi ya kurundika (picha nyingi, kila moja fokasi ikisogezwa kidogo) inakuvusha. Kamera ikae kwenye reli, f/5.6 badala ya f/11 ili kukwepa difraksheni, na kila hatua iwe kama 0.1 mm kwa ukuzaji wa mara 2. Helicon Focus na Zerene Stacker huunganisha picha hizo kuwa moja. Magamba ya bawa la kipepeo, yamepangana safu kwa safu, huonekana waziwazi moja moja ukifika mara 3 hivi, na sijawahi kuchoka kuyatazama.

Kioo cha nyuma cha lenzi sasa kiko mbele, kimeachwa wazi kwa vumbi na chavua. Toboa kifuniko cha nyuma, kifunge pale kama kinga. Kinazuia pia mwanga wa pembeni unaofifisha rangi.

Kuhusu lenzi ya makro. Kama lengo lako ni vipepeo na kereng'ende walio macho, inunue. Ile ya 100 mm inakupa zaidi ya sentimita 10 kati yako na mdudu, tundu linajifunga lenyewe, na hata picha za mbali unapiga nayo. Lakini nyingi huishia mara 1, na unachokitaka wewe, nzi akijaa fremu, kinaanzia hapo zilipoishia. Hata ukiipata, usiitupe lenzi ya 50 mm. Ipo ringi yenye nyuzi za kiume pande zote mbili: unaifunga ile 50 kinyumenyume mbele ya lenzi ndefu, zote zikiwa kwenye fokasi ya mbali kabisa, tundu la iliyogeuzwa likiwa wazi lote. Gawanya urefu wa lenzi kuu kwa wa ile ya mbele: 100 kwa 50 ni mara 2, 200 kwa 50 ni mara 4. Kamera inaendelea kuongoza tundu la lenzi kuu kama kawaida, bila kadi wala kijiti. Ukiona pembe za picha zimeingia giza, fungua tundu la lenzi kuu kidogo, au ukate pembe hizo baadaye.