Maswali ya Wasomaji: Namfundisha kazi yangu mtu atakayeichukua

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Nakuru. Mwezi Septemba nitatimiza miaka 12 katika idara ya uhasibu ya kampuni moja iliyo eneo la viwanda hapa jijini. Tangu Januari tumekuwa tukisikia minong'ono kwamba kazi ya hesabu za matawi yote itahamishiwa India, ambako makao makuu yamefungua ofisi ya kuhudumia nchi kadhaa kwa pamoja. Hakuna aliyetuita na kutuambia lolote. Hata hivyo, miezi miwili iliyopita tuliagizwa kuandika hatua kwa hatua namna tunavyofanya kila kazi, na sasa kila Jumanne alasiri nakaa mbele ya kompyuta nikimwelekeza kijana aliyeko huko. Ni kijana mwenye adabu na anauliza vizuri. Juma lililopita aliniuliza ni kwa nini mkulima mmoja wa Njoro anayetuletea mahindi hulipwa Alhamisi ilhali wengine wote hulipwa Ijumaa. Nikamweleza kwamba mama huyo huwalipa vibarua wake Jumamosi asubuhi, na pesa zikichelewa benki, watu wake hulala njaa. Akaandika. Nilipofunga kompyuta nilikwenda msalani nikalia.

Mshahara wangu ni shilingi 52,000 kabla ya makato. Nina mkopo wa Sacco niliouchukua kujenga nyumba Kiamunyi, na watoto wawili wa shule ya upili. Wenzangu wawili wamekwisha kujiuzulu wakisema ni heri kuondoka kwa heshima kuliko kufukuzwa. Meneja wetu akiulizwa hujibu tu kwamba tuendelee na kazi. Siku hizi huamka saa tisa usiku na silali tena. Je, nijiuzulu mapema? Je, nikatae kuendelea kumfundisha yule kijana? Na wakituondoa kweli, wanatakiwa kunilipa nini?
Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Mama Wawili, pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama hapo kwenye malipo ya Alhamisi, kwa kuwa mtu anayejua ni siku gani vibarua wa Njoro wanahitaji pesa zao ni mfanyakazi ambaye kampuni yoyote ingepaswa kuona fahari kuwa naye. Usimkubalie mtu yeyote akuaminishe, wala hofu yako mwenyewe ikuaminishe, kwamba unaondolewa kwa sababu hufai.

Nikujibu lile la haraka kwanza: usiandike barua ya kujiuzulu. Mfanyakazi anayejiuzulu kwa hiari yake hana dai la malipo ya kupunguzwa kazi, kwa sababu mbele ya sheria si mwajiri aliyeiondoa nafasi yake, bali ni yeye mwenyewe aliyeiacha. Wenzako wawili waliotangulia huenda walilinda heshima yao, lakini heshima hiyo waliinunua ghali, na sioni aibu yoyote kwa mtu anayebaki kazini mpaka aambiwe kwa maandishi kwamba kazi imekwisha.

Kuhusu kumfundisha kijana wa India, najua ni uchungu wa aina yake, lakini usikatae. Kukaidi agizo halali la mwajiri ni mojawapo ya makosa ambayo kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinayataja kuwa yanaweza kumfanya mtu afutwe papo hapo, na anayefutwa kwa kosa huondoka bila yale ambayo angepata kama angepunguzwa. Fundisha, tena vizuri. Kijana huyo naye ana wazazi wanaomtegemea, na si yeye aliyepanga kuihamisha kazi yako.

Sasa tuje kwenye haki zako. Sheria hiyo ya 2007 inamtambua mtu anayepunguzwa kazi, yaani anayepoteza kazi bila kosa lake, kwa uamuzi wa mwajiri, kwa kuwa nafasi yake haihitajiki tena. Kifungu cha 40 ndicho kinachomlinda mtu wa aina hiyo, nacho kinaweka masharti ambayo mwajiri hana ruhusa ya kuyaruka. Ikiwa wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwajiri lazima akiarifu chama hicho pamoja na afisa wa kazi wa eneo lenu, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji huo, angalau mwezi mmoja kabla. Ikiwa si mwanachama, barua hiyo inaletwa kwako wewe binafsi, na afisa wa kazi anaarifiwa pia. Baada ya hapo kuna notisi nyingine ya angalau mwezi mmoja ya kukuachisha kazi, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Kwa hiyo minong'ono ya kantini si notisi, na ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mkuu wa idara hautoshi.

Katika kuchagua nani aondoke, mwajiri anatakiwa kuzingatia muda ambao kila mmoja amehudumu, ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake. Katika kesi iliyotokana na Kenya Airways kuwapunguza wafanyakazi mwaka 2012, ambayo Mahakama ya Rufaa iliiamua mwaka 2014, majaji walikubali kwamba kampuni inaweza kupunguza watu kwa sababu za kibiashara, lakini utaratibu wa kuwachagua na kuwaondoa nao lazima uwe wa haki. Nakutajia kesi hiyo ili ujue kwamba mlango wa mahakama uko wazi hata pale ambapo sababu ya kampuni ni ya kweli. Mahakama ikiona uliondolewa isivyo haki, inaweza kuamuru ulipwe fidia inayofikia mishahara ya miezi 12.

Malipo yenyewe nitayapiga hesabu hapa, kwa sababu nimegundua kwamba watu wengi wanaogopa kitu ambacho hawajawahi kukipima. Sheria inataka mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Leo una miaka 11 kamili. Mwezi ukihesabiwa kuwa na siku 30, nusu ya mshahara wako ni shilingi 26,000, nayo mara 11 ni shilingi 286,000. Mwezi ukihesabiwa kwa siku 26 za kazi, siku yako moja ni shilingi 2,000, siku 15 ni shilingi 30,000, na jumla inakuwa shilingi 330,000. Tofauti ya shilingi 44,000 imetokana na namba moja tu ya kugawanyia, kwa hiyo uliza ni ipi inayotumika, na usome mkataba wako au makubaliano ya chama chenu, maana huko kiwango kinaweza kuwa cha juu kuliko cha sheria. Zingatia pia neno "kamili": ukiachishwa Agosti utahesabiwa miaka 11, na ukiachishwa baada ya kutimiza mwaka wako Septemba utahesabiwa 12. Juu ya hayo kuna mshahara wa notisi, siku za likizo ambazo hukuzitumia, ambazo ni lazima zilipwe kwa pesa taslimu, na mshahara wa siku ulizofanya kazi mwezi huo. Kodi itakatwa, kwa hiyo usipange matumizi kwa jumla ya juu.

Ukiletewa karatasi inayoitwa kuondoka kwa hiari, yenye pesa zaidi ya hizi, isome kama unavyosoma hati ya shamba. Nyingine ni nzuri kweli. Lakini mara nyingi mwishoni huwa na sentensi inayosema kwamba umepokea malipo yote na huna dai lingine, na mahakama zetu zimewahi kuwakatalia watu waliotia sahihi maneno ya namna hiyo kwa hiari yao. Chukua nakala, nenda nayo nyumbani, mwonyeshe wakili au kiongozi wa chama, ndipo uamue.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Nilikuwa mtunza kumbukumbu za wafanyakazi katika kiwanda kimoja, na kwa majuma mawili kazi yangu ilikuwa kuingiza barua za wenzangu kwenye bahasha za kaki na kuandika majina juu yake. Bahasha ya mwisho ilikuwa yangu. Nilitia sahihi nikiwa nimesimama kwenye dirisha la keshia, foleni ikinisukuma mgongoni, nikarudi Lanet kwa matatu nikiwa nimeshika hundi niliyoiona kubwa. Usiku mke wangu ndiye aliyeuliza siku zangu za likizo ziko wapi. Zilikuwa 19, na hazikuwamo. Mimi niliyekuwa nikizihesabu za watu wote sikuzihesabu zangu, kwa kuwa mkono ulikuwa ukitetemeka.

Kwa hiyo, kabla ya mwezi huu kwisha, weka nyumbani mkataba wako, stakabadhi zako za mshahara, barua za kupandishwa cheo na fomu za likizo. Zilizo zako tu. Usijitumie faili za wateja wala za kampuni, kwa maana hilo litakuletea kosa ambalo huna sasa. Kumbuka pia kudai cheti cha utumishi siku ya kuondoka, ambacho mwajiri analazimika kukutolea.

Kisha nenda Sacco. Watu huingoja barua ya kazi kwanza, na hilo ni kosa, kwa sababu mshahara ukikoma na makato yakakatika, wanaoanza kupigiwa simu ni wadhamini wako, ambao pengine ni hao hao mnaopunguzwa nao. Omba taarifa ya deni na ya akiba, uliza kama mkopo una bima inayogusa kupoteza kazi, na uliza kama muda wa kulipa unaweza kurefushwa ili makato ya kila mwezi yapungue. Ukifika ungali na mshahara, unazungumza kama mwanachama anayepanga mambo yake.

Umeuliza pia, ingawa si kwa maneno, kwa nini haya yanatukia. Nakuru inalijua jambo hili. Mwaka 2014 kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa hapa kwetu, na betri za jina lile lile zikawa zinaletwa kutoka Misri. Waliokuwa wakizitengeneza hawakuwa wamesahau kazi. Betri rahisi kutoka nje zilikuwa zimejaa sokoni na hesabu za gharama zikaelekea kwingine. Tofauti ni kwamba kiwanda kikifungwa kila mtu huona lango limefungwa kwa kufuli, lakini kazi ya kompyuta huhama kimya kimya, faili moja baada ya nyingine, huku wenye kazi wakiendelea kuripoti saa mbili asubuhi. Ukimya huo ndio unaokuamsha saa tisa usiku, na naona ni ukatili. Msikae nao. Andikeni barua moja fupi yenye sahihi za idara nzima, kwa lugha ya heshima, mkimwomba meneja awaeleze kama kuna mpango wa kuhamisha kazi na ni lini. Asipojibu, ofisi ya kazi ya hapa Nakuru ipo na huduma yake haihitaji wakili.

Kuhusu usingizi, kama umekosekana kwa majuma kadhaa, mwone daktari na umweleze sababu yenyewe, badala ya kusema unaumwa kichwa tu. Watoto wako nao ni wakubwa. Waambie kwamba huenda mambo yakabadilika. Bila shaka wamekwisha kuona taa ya jikoni ikiwaka usiku.

SWALI: Mume wangu anafanya kazi Kisumu katika kampuni ambayo jirani ameniambia inapunguza watu. Yeye hajasema neno. Juzi nilipata bahasha ndani ya Biblia yake, imefunguliwa. Sikuisoma. Je, nimuulize?
Nyar Seme, Kisumu

JIBU: Muulize, dada yangu, lakini usianze na bahasha. Mwanamume aliyeficha barua ndani ya Biblia hajakudharau. Anatafuta mahali pa kuiweka mpaka apate jibu la kukupa pamoja nayo, na jibu hilo halipatikani kwa mtu mmoja. Mwambie umesikia habari za kampuni kutoka nje, na kwamba ungependa mkae mpige hesabu ya karo na kodi ya nyumba kabla ya muhula kufunguliwa. Mpe nafasi ya kuileta barua mwenyewe. Akiileta, tazameni kwanza tarehe iliyoandikwa juu, kwa sababu mwezi wa notisi huenda umeshaanza kuhesabiwa, na pia mtazame kama kuna mahali anapotakiwa kutia sahihi. Kama bado hajatia, asitie usiku huo.