Baiskeli ndani ya msitu wa Kakamega: chunga mizizi kwanza

Watu wakisikia naendesha baiskeli msituni Kakamega, swali la kwanza huwa ni nyoka. Nyoka wapo, nitawafikia. Lakini kilichonivunja mtulinga ni mzizi.

Ilikuwa njia ya kutoka Isecheno kwenda kilima cha Lirhanda, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Mzizi ulikatiza njia kimshazari, gome limechubuka kwa kukanyagwa, unang'aa kama kipande cha sabuni. Niliuona vizuri kabisa. Kosa langu ni kubana breki ya mbele nikiwa tayari juu yake. Tairi likachomoka upande, nikatua kwa bega.

Siku hizi nabana breki kabla ya mzizi, kisha naiachia. Nainuka kwenye kiti, pedali zikiwa sawa, nauvuka mzizi nikiukabili moja kwa moja, si kimshazari, hata kama itabidi nitanue kona. Siku ya tope napunguza upepo kidogo, maana tairi gumu hurukaruka tu.

Kona ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu ya watu. Njia hizi ni zao kabla ya kuwa zetu. Akina mama hutoka na kuni kichwani, na aliyebeba mzigo ule hawezi kugeuza shingo ghafla wala kuruka pembeni. Mzigo hujaa njia nzima, na ncha ya ukuni iko usawa wa macho yako. Piga kengele mapema, punguza mwendo, shuka, mpishe mama, msalimu.

Sasa nyoka. Msitu huu una kifutu ambaye mgongo wake huwezi kuutofautisha na majani makavu, naye hana haraka ya kukimbia. Usikalie gogo wala kuingia majanini kujisaidia bila kutazama. Mwenzako akiumwa, usimchanje, usimfunge kamba, usinyonye sumu. Mvue kiatu, mguu utulizwe kama uliovunjika, atafutiwe gari hadi hospitali. Asikanyage pedali hata kidogo.

Siafu ni rahisi: kabla ya kuteremsha mguu, angalia chini.

Mvua ya Kakamega hupenda alasiri, na huja na radi. Mimi naingia saa moja asubuhi, na kufikia saa saba mchana niwe nimetoka. Ngurumo zikianza mapema, nageuza, hata kama kilele cha Lirhanda nakiona.

Na usiingie kimyakimya. Mwambie askari wa msitu unapopita na saa ya kurudi. Siku ile ya mzizi simu haikushika mtandao, lakini nilikuwa nimemwambia mmoja pale langoni. Saa saba ilipopita hajaniona, alinifuata. Alinikuta nikitembea polepole, mkono nimeufunga kifuani kwa sweta, baiskeli nimeiacha nyuma.